Kabla Hujalipa Karo, Panda Matatu Ukakione Chuo

Jumamosi iliyopita binti wa jirani yangu aliingia kwangu na daftari la shule. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameorodhesha vyuo kumi na kimoja, kila jina kalipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwa kila jina kaandika herufi mbili tu: IT. Nikammiminia chai. Kabla haijapoa akaniuliza swali ambalo nyinyi pia mmenitumia tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke: "Dada, kati ya hivi vyote, kipi ndicho bora?"

Nikamuuliza ni vingapi amewahi kukanyaga. Akainamisha kichwa. Hakuna hata kimoja. Hata Chuo Kikuu cha Multimedia, ambacho sisi wa Nkoroi tukipanda matatu ya 126 kwenda mjini tunakipita pale kando ya barabara ya Magadi, hajawahi kushuka langoni mwake. Yote aliyoyajua aliyaona kwenye simu: picha za majengo, picha za mahafali, vijana wakicheka na laptopu chini ya mti.

Basi leo, wadogo zangu, nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Chuo cha IT huchaguliwa kwa miguu. Unakwenda siku ya kazi, saa za masomo, unasimama ndani ya maabara ya kompyuta na kumwangalia mwanafunzi wa mwaka wa tatu akifanya kazi. Ukitoka hapo utajua zaidi ya yale utakayoambiwa na tangazo lolote.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mimi sikufanya hivyo. Nilipomaliza shule nilivutwa na tangazo la chuo kimoja mjini, ghorofa ya tatu, ngazi zimepakwa rangi mpya. Wakaniambia ni digrii, wakanipa barua yenye muhuri mkubwa, na karani akanihimiza nilipe wiki hiyo hiyo kwani nafasi zinaisha. Mama aliuza mtamba. Nilisoma mihula miwili, na katika mihula hiyo miwili maabara ilifunguliwa kwetu mara tano. Nilikuwa nikihesabu. Kisha mwenzangu mmoja alipokwenda kuulizia uhamisho kwingine, akaambiwa kozi yetu haijaidhinishwa, na masomo yote tuliyofanya hayahesabiki popote. Nilirudi nyumbani na begi langu, nikashindwa kumtazama mama machoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tutaanza tena." Tulianza tena, kwa diploma, na digrii nikaipata wenzangu wakiwa kazini mwaka wa tatu.

Kwa hivyo kabla ya kupanda matatu, pitia saiba. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunayoiita CUE, iliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na kwenye tovuti yake kuna orodha ya vyuo vyenye hati kamili, vyenye barua ya muda, na kozi zilizoidhinishwa katika kila chuo. Soma orodha ya vyuo, kisha usome na ya kozi. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza, wakiona jina la chuo wanafurahi na kufunga. Chuo kinaweza kuwa na hati yake safi kabisa, na bado kozi mpya kiliyoitangaza juzi iwe haijapitishwa. Kama ni diploma unayoitafuta, uliza kwa TVETA, mamlaka ya vyuo vya kiufundi iliyotokana na sheria ya 2013. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, na ingemwachia mama yangu ng'ombe wake.

Sasa jina la kozi lenyewe. Hapa ndipo binti wa jirani aliponishangaza, kwani katika vyuo vyake kumi na kimoja kulikuwa na kozi tano tofauti, na yeye zote alizipa jina moja. Wadogo zangu, IT ni kazi ya kuifanya mifumo ya kompyuta itumikie watu: mitandao, seva, hifadhidata, usalama, tovuti, na kumsaidia mtumiaji aliyekwama. Sayansi ya kompyuta inaingia zaidi kwenye mzizi: hisabati, algoriti, namna programu inavyofikiri. Ile inayoandikwa BBIT inachanganya biashara na mifumo, na Strathmore kule Madaraka wanafahamika kwayo. Ukipenda hesabu za fedha na kuongea na wateja, iangalie vizuri. Uhandisi wa kompyuta ni kitu kingine tena. Huko kuna umeme na vifaa, na ukitaka kuitwa mhandisi sharti digrii yako itambuliwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwa hivyo hilo uliulizie mapema, mwaka wa nne utakuwa umechelewa.

Na tafadhali, kuna kozi inaitwa Sayansi ya Habari, ambayo kwa Kiingereza jina lake linakaribiana sana na IT. Chuo Kikuu cha Moi kina skuli nzima ya fani hiyo. Ni kozi nzuri yenye heshima yake, ya maktaba, utunzaji wa kumbukumbu na uchapishaji. Lakini kama ndoto yako ni kuunda programu, utaketi darasani wiki ya kwanza ukijifunza kupanga vitabu na kuwaza umefikaje hapo. Sijui ni barua ngapi nimepokea za vijana waliobofya jina bila kusoma masomo yaliyo ndani yake. Kila kozi ina orodha ya masomo ya kila mwaka. Iombe. Ukiona mwaka wa kwanza umejaa hisabati na uandishi wa programu, na wa pili una mitandao, hifadhidata na mifumo endeshi, hiyo ina nyama. Ukiona mihula mitatu ya kwanza ni matumizi ya kompyuta ofisini, hiyo ni pakeji iliyovalishwa joho.

Nimetaja pakeji. Hapa Rongai na Kiserian kila jengo la pili lina mahali pa kufundisha pakeji, na wengi wenu mko huko sasa hivi mkisubiri kuitwa chuo. Endeleeni, mikono ijue kibodi. Ila kuna mzazi aliniandikia kutoka Kitengela kwamba bintiye "tayari anajua IT" kwa kuwa amemaliza pakeji na kupata cheti. Mzazi wangu mpendwa, bintiyo amejifunza kuendesha gari. Digrii itamfundisha injini.

Tuje kwa KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo. Watu bado wanasema "jointi" kama zamani, lakini ile bodi ya pamoja iliondolewa na ile Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Alama ya kuingilia digrii ni C+. Katika mtihani wa 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, kwa hivyo gredi hiyo ni kibali cha kupanga foleni tu. Kinachoamua nani aingie wapi ni alama za klasta, zinazohesabiwa juu ya 48, hasa kutokana na masomo manne yanayohusu kozi yako. Ndiyo maana mtu mwenye B kavu aweza kukosa kozi ya kompyuta ambayo mwenye B- ameipata: mmoja aliinuliwa na historia na dini, mwingine na hisabati na fizikia. Ukiingia kwenye akaunti yako ya KUCCPS utaona alama zako za klasta kwa kila kozi, na utaona pia mwaka uliopita chuo kipi kilikomea alama ngapi. Weka namba hizo mbili kando kando.

Binti wa jirani alikuwa amepanga vyuo kwa umaarufu. Cha kwanza kilimpita kwa alama nne za klasta, cha pili kwa tatu, cha tatu kwa tatu na nusu. Nafasi zake za mwanzo zote alikuwa ameziweka mahali ambapo mlango ulikuwa umefungwa. Tulizipanga upya tukiwa na kalamu: moja ya kujaribu bahati, mbili zinazolingana naye, na zilizobaki pale ambapo hata mwaka ukiwa mgumu atapita. Na kila moja tuliiangalia masharti ya hisabati, kwa kuwa vyuo havifanani. Kuna kinachotaka C+ ya hisabati, kingine kinataka na fizikia juu yake.

Mtu akikuambia chuo fulani ni cha kwanza nchini, muulize cha kwanza kwa nini. Orodha nyingi za ubora hupima makala za utafiti zilizochapishwa na mambo ya aina hiyo. Ni mambo mazuri, lakini hayakuambii kama maabara ya mwaka wa pili ina kompyuta zinazowaka.

Haya, sasa tupande matatu.

Nenda katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Siku ya maonyesho usiende, kwani siku hiyo kila kitu kimefagiliwa. Mwambie askari wa langoni unataka kuulizia masomo, ni haki yako. Ukimaliza na ofisi ya usajili, waombe wakuonyeshe maabara ya kompyuta. Usione aibu. Unakwenda kulipa karo ya miaka minne, na mtu akinunua mbuzi sokoni Kiserian humfungua mdomo akamtazama meno.

Ukiwa mlangoni, hesabu. Kompyuta ni ngapi, na zilizowaka ni ngapi? Gusa kibodi moja. Vumbi lina habari. Muulize fundi wa maabara, maana huyo hana sababu ya kukupamba, kama mwanafunzi anaruhusiwa kuingia jioni au wikendi bila mhadhiri. Hili kwangu ni kubwa kuliko idadi ya mashine. Uandishi wa programu hujifunzwa kwa kukosea peke yako saa nyingi, na chuo kinachofunga maabara saa kumi na moja kinakuambia kazi hiyo ukaifanyie kwingine. Uliza stima ikipotea kuna jenereta? Sisi wa huku tunajua giza linavyoingia bila hodi. Uliza intaneti yao inatoka wapi. Vyuo vyetu vingi vimeunganishwa kupitia KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa 1999, na kama wanafunzi wana akaunti za eduroam basi utaweza kuingia mtandaoni hata ukitembelea chuo kingine. Ukiuliza kuhusu eduroam na watu wote wa maabara wakakutazama kama umesema Kichina, andika hilo kwenye daftari.

Kisha tafuta mwanafunzi. Wa mwaka wa tatu au wa nne, aliyeketi na laptopu yake, si yule kiongozi aliyetumwa kukuzungusha. Msalimie, mwambie unataka kujiunga, na umwombe akuonyeshe kitu alichokiunda mwenyewe.

Nilifanya hivi mwaka jana nikimpeleka mpwa wangu. Kwenye chuo kimoja tulimkuta msichana wa mwaka wa tatu chini ya kivuli cha kantini, akatufungulia mfumo wake wa kuagiza maji ya boza. Mteja anaandika mtaa wake na lita anazotaka, dereva anaona orodha, malipo yanaingia kwa M-Pesa kupitia Daraja, ile njia ambayo Safaricom huwapa waundaji programu kuunganisha mifumo yao na kujaribia bila pesa halisi. Ulikuwa mfumo mdogo, rangi zake hata hazikupendeza. Mpwa wangu akamuuliza mbona namba ya simu ameihifadhi kama maandishi na si kama namba. Uso wa yule msichana ukachangamka. Akasema mara ya kwanza aliihifadhi kama namba, na kompyuta ikala ile sufuri ya mwanzo, 07 ikawa 7, na kila ujumbe wa kuthibitisha ukarudi. Alikaa siku mbili akitafuta kosa. "Nililia," akasema, "halafu nikacheka, kisha nikarekebisha namba za wateja wote." Wadogo zangu, huyo amefundishwa. Chuo kilichompa nafasi ya kukosea namna hiyo, na mtu wa kumwelekeza, kinafanya kazi yake.

Kwenye chuo kingine, wiki hiyo hiyo, kijana wa mwaka wa nne alitufungulia mradi unaong'aa kuliko ule wa maji. Tukauliza data inahifadhiwa wapi. Akasogeza kurasa juu, akasogeza chini, mwisho akatuambia kweli: ameununua mjini, na wenzake wengi wamenunua vilevile. Sikumlaumu yeye peke yake. Mwanafunzi akinunua mradi wa mwisho na wahadhiri wakaupokea bila kumuuliza swali moja, basi hapo hakuna anayeangalia. Mpwa wangu alikifuta chuo hicho kwenye daftari tukiwa bado stejini.

Kabla hujaondoka uliza na haya: wahadhiri wangapi wa kompyuta wameajiriwa moja kwa moja, na wangapi huja kufundisha na kukimbia chuo kingine? Wanafunzi hupelekwa wapi kwa atachimenti, ile miezi ya kwenda kufanya kazi kabla ya kumaliza? Kuna ofisi inayowatafutia au kila mtu hubeba barua zake mkononi akizunguka Upper Hill? Je, chuo kinafundisha mitandao chini ya akademia ya Cisco, ili ukitoka uwe karibu na cheti ambacho waajiri wanakijua? Na waliojiunga miaka minne iliyopita, wamehitimu? Hili la mwisho muulize mwanafunzi. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa 2025 ulikula wiki nyingi za muhula, na kila chuo kiliufidia kwa namna yake. Kuna kozi za miaka minne zinazoishia kuwa za mitano, na mwaka huo wa ziada una kodi ya nyumba, chakula na nauli.

Nimefika kwenye pesa, na hapa tuketi kidogo, maana ndipo wengi wanapoanguka wakiwa tayari wamevuka mtihani.

Mwaka 2023 serikali ilibadilisha namna ya kugharamia vyuo. Unaomba mwenyewe, familia yako inapimwa uwezo na kuwekwa kwenye kundi, kisha gharama inagawanywa: sehemu ufadhili, sehemu mkopo wa HELB, sehemu ya familia. Mpango huo umepelekwa kortini, Mahakama Kuu ikaupinga Desemba 2024, rufaa zikafuata, na karo zenyewe zimerekebishwa tangu hapo. Kwa hivyo usipige hesabu kwa kutumia barua ya binamu aliyeingia miaka mitatu iliyopita. Chukua barua yako. Ukipangiwa chuo binafsi, jiandae kwa mkopo pekee, kwani ufadhili chini ya mpango huo ulilenga vyuo vya umma. Na ombeni mapema. Nimeona vijana wakikosa kwa sababu ya cheti cha kifo cha mzazi ambacho hakikuwa kimechukuliwa, au jina lililoandikwa tofauti kwenye kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Hayo yashughulikieni sasa, mkiwa nyumbani.

Karo ni nusu ya habari. Tuseme unakaa Nkoroi na unasafiri kila siku, na kila safari ni shilingi 100. Kwenda na kurudi 200, kwa siku tano 1,000, kwa muhula wa wiki kumi na nne ni 14,000, na hapo hujaunganisha matatu ya pili. Ukipangiwa JKUAT kule Juja, huwezi kusafiri kutoka huku kila siku ukabaki na akili ya kuandika programu usiku. Utapanga chumba, na chumba kina deposti, godoro, jiko na sufuria. Chuo hicho kimejijengea jina kwenye teknolojia tangu kilipoanza 1981 kwa msaada wa Japani, na ukikipata nitakupigia vigelegele. Ninachotaka ni mzazi na mwana wakae mezani na karatasi moja, waandike karo, chumba, chakula, nauli na laptopu, kwa miaka minne, kabla ya vigelegele.

Kwenye laptopu, sikieni. Huhitaji ile mpya ya dukani. Iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD itakufikisha mbali. Nenda na mtu anayejua, iwashe, iache iwake nusu saa bila chaja, ndipo ulipe.

Na ndiyo maana nawasihi msidharau vilivyo karibu. Multimedia ina historia ndefu ya mawasiliano kuliko wengi wenu mnavyojua: kilianza 1948 kama shule ya mafunzo ya Posta na Simu ya Afrika Mashariki, na kilipata hati ya chuo kikuu 2013. Africa Nazarene kiko hapa hapa Rongai, kilianza 1994 na kupata hati 2002. Ni cha binafsi, cha kanisa, kwa hivyo karo yake na taratibu zake zisome vizuri. Co-operative kiko Karen. Walio upande wa Kitengela wana Daystar kule Athi River, wanaofundisha sayansi ya kompyuta ya vitendo. Sisemi vyote ni vyema sawa. Nasema vyote unaweza kuvifikia ukiwa umekula chai nyumbani, ukavikagua kwa macho yako, na kurudi kabla ya jua kutua. Vikishindwa na vigezo vyako, viache. Kimoja kikivipita, umeokoa kodi ya nyumba ya miaka minne.

Kama chuo kina matawi, uliza kozi yako inafundishwa tawi gani kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Mara nyingine unasajiliwa tawi la karibu, na mwaka wa tatu unaambiwa uhamie jijini kwa kuwa maabara iko huko.

Kuna waliopata chini ya C+ na mnaosoma haya kwa moyo mzito. Naomba mnisikilize kama mtu aliyepita huko. C- inakuingiza diploma ya IT, na hapa Kajiado mjini kuna taasisi ya kiufundi ya Masai, ya umma, inayopata wanafunzi kupitia KUCCPS hiyo hiyo. Ukipasi diploma vizuri, inafungua mlango wa digrii, na vyuo vingine hukuhesabia masomo uliyokwisha kufanya. Niliingia digrii kwa njia hiyo. Darasani, walionitangulia kwa gredi walikuwa wananiuliza namna ya kuunganisha swichi, kwa kuwa mimi mikono yangu ilikuwa imeshazoea.

Wasichana wenye akili nyingi na pesa kidogo, someni kuhusu AkiraChix. Wako Nairobi tangu 2010, na programu yao ya codeHive hufundisha wasichana kuunda programu kwa mwaka mmoja bila kuwadai karo. Na dada zangu mlio na watoto au kazi za mchana, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati 2023, makao yake ni Konza, na masomo yake ni ya mtandaoni. Wana digrii ya sayansi ya data na ya usalama wa mtandao. Huko ulichotakiwa kukikagua kwa miguu kipo nyumbani kwako: stima yako, bando lako, na saa mbili za utulivu kila usiku. Kama hizo huna, zitafute kwanza.

Mmoja wenu aliandika kwa hofu kwamba akili unde itamaliza kazi zote za IT kabla hajahitimu. Kazi zinabadilika, ni kweli, na zile za kuandika kurasa rahisi za tovuti zimeshuka bei. Lakini yule msichana wa maji ya boza angeweza kuiomba mashine imwandikie mfumo wote, na bado angehitaji kujua kwa nini sufuri imepotea. Tafuta chuo kitakachokufundisha kuiona hiyo sufuri.

Na ukishapangiwa ukagundua umekosea, dirisha la uhamisho la KUCCPS hufunguliwa kwa muda mfupi. Usingoje kuona kama utazoea. Omba hapo hapo, ukiwa na alama zinazokidhi kule unakotaka.

Binti wa jirani alinywa vikombe vitatu. Alipoondoka, orodha ya vyuo kumi na kimoja ilikuwa imebaki na vinne, na kwa kila kimoja ameandika siku ya kukitembelea. Tunaanza na Multimedia Jumanne hii. Nimemwambia tukutane stejini saa mbili kasorobo, avae viatu vya kutembea, na lile daftari aje nalo.